Kipimo Kikisema Hapana: Maneno kwa Wanafunzi Wapya wa Biolojia ya Afya ya Dunia

Mkuu wa idara, wahadhiri, wataalamu wa maabara, na ninyi mlioripoti chuoni majuzi, hamjambo.

Wataalamu wa maabara nimewataja kabla ya wanafunzi kwa makusudi. Katika hafla kama hizi huwa wanasahaulika, na ndio watakaowafundisha kushika pipeti, kupanga mirija kwenye mashine ya kuzungusha sampuli bila kuivunja, na kuandika lebo itakayosomeka hata baada ya miezi sita kwenye friza. Jifunzeni majina yao mapema.

Nimeombwa nizungumzie maisha ya mwanafunzi na kazi zinazomsubiri mhitimu wa fani hii. Nitafanya hivyo, ila naanza na jambo ambalo kwa kawaida husemwa bwenini tu. Miongoni mwenu wapo waliotaka udaktari. Alama zilipungua kidogo, au nafasi zilijaa, wakajikuta hapa. Sitaki mnyooshe mikono. Nasema nanyi kwanza kwa sababu majonzi hayo hula miaka: mtu anakaa darasani mihula minne akijihesabu kuwa yuko njiani kwenda kwingine, akija kuzinduka ni mwaka wa mwisho na hajui hata mhadhiri gani anatafiti nini.

Basi tulimalize leo. Shahada hii haitawafanya madaktari. Hamtamwandikia mgonjwa dawa. Lakini fikirini: daktari anapokea jibu la kipimo, muuguzi anapokea kichupa cha chanjo, waziri anapokea jedwali la takwimu, na kila mmoja wao anaamini kwamba kuna mtu mahali fulani amehakikisha kuwa kitu hicho ni cha kuaminika. Mtu huyo ndiye mtakayekuwa ninyi. Akilala usingizini, hakuna anayejua mpaka watu wameshaumia.

Nitoe mfano mmoja na niukalie kidogo, maana umebeba karibu kila kitu mtakachosoma hapa.

Chukueni kipimo cha haraka cha malaria. Tone la damu kidoleni, matone machache ya kimiminika, kungoja dakika 15 au 20. Mistari miwili, mgonjwa anayo. Mstari mmoja, hana. Vipimo vingi vya aina hii havikioni kimelea chenyewe. Vinanasa protini iitwayo HRP2, inayotengenezwa na Plasmodium falciparum, mmoja wa vimelea vya malaria. Dhana nyuma yake ilikuwa nyepesi: kimelea kikiwepo, protini ipo. Mwaka 2010 watafiti wakaripoti, kutoka Amazon ya Peru, vimelea ambavyo jeni ya protini hiyo imefutika. Kimelea ni kizima, kinazaliana, kinaumiza, na kipimo kinasema hapana.

Miaka michache baadaye jambo hilohilo likajitokeza Eritrea, kwa kiwango kikubwa. Wagonjwa walikuwa na homa na dalili zote, kipimo cha haraka kinakana, ukiweka damu chini ya hadubini vimelea hivi hapa. Ilikuwa rahisi kusema vipimo vimeharibiwa na joto, au mhudumu hajui kusoma mstari. Mara nyingi kweli huwa ni hivyo. Safari hii watu walikwenda mbele zaidi, wakapima jeni, wakakuta tatizo liko kwa kimelea. Nchi ikabadilisha aina ya kipimo. Leo mwongozo wa Shirika la Afya Duniani ni kwamba pale ambapo majibu hasi ya uongo yanayotokana na kufutika kwa jeni hiyo yamezidi asilimia 5, vipimo vinavyotegemea HRP2 pekee vibadilishwe.

Sasa hesabuni nini kilihitajika ili hayo yatokee. Alihitajika mtu anayejua kipimo kinanasa nini hasa, maana asiyejua hilo hawezi hata kushuku. Alihitajika anayeweza kupima jeni. Alihitajika anayejua wagonjwa wangapi wapimwe, na wachaguliwe vipi, ili asilimia 5 iwe asilimia 5 kweli na isiwe bahati nasibu. Na alihitajika wa kuyaandika yote hayo kwa lugha ambayo mtu wa manunuzi, asiyejua jeni ni nini, atasaini kuagiza vipimo vingine. Ongezeni jambo moja linalonifurahisha kila nikilifikiria, ingawa si jambo la furaha: kimelea kisichoonekana na kipimo hakitibiwi, na kisichotibiwa kinaendelea kusambaa. Kwa hiyo kipimo chenyewe, kikitumika pekee kwa muda mrefu, kinaweza kuwa kinawachagulia ushindi wale wasioonekana. Darwin na uteuzi wake wa asili yumo ndani ya kile kikasha cha plastiki.

Wengine wataniambia huo ni mfano wa mabingwa. Haya, huu hapa wa zamani, na biolojia yake mtaikuta kwenye mihadhara ya mwanzo kabisa. Mwaka 1960 mwanabiokemia Robert Crane alieleza kwamba glukosi na sodiamu huingia pamoja kwenye seli za utumbo mwembamba, kupitia mlango mmoja. Kipindupindu humfanya mtu amwage maji mengi mno, lakini mlango huo hakiufungi. Maana yake, ukimnywesha mgonjwa maji yenye chumvi na sukari kwa kipimo sahihi, utumbo utayavuta hata akiwa bado anaharisha. Mwaka 1971, katika vita vya Bangladesh, wakimbizi walijazana kwenye kambi zilizokuwa upande wa India, kipindupindu kikaingia, na maji ya dripu yakaisha. Daktari Dilip Mahalanabis na wenzake wakaamua kuwanywesha watu myeyuko huo, uliochanganywa na kutiwa kwenye mapipa, na ndugu wa wagonjwa ndio waliosaidia kunywesha. Vifo, vilivyokuwa vikikaribia theluthi moja ya wagonjwa, vikashuka hadi chini ya asilimia 4. Mkifika kwenye mhadhara wa utando wa seli na mkaona michoro ya milango ya sodiamu inachosha, kumbukeni kwamba aliyeielewa michoro ile ndiye aliyejua kwa nini chumvi bila sukari haitoshi.

Sasa maisha ya mwanafunzi.

Kemia ya mwaka wa kwanza ni ngumu na ratiba yake ni mbaya. Itapita. Sina zaidi la kusema juu yake, isipokuwa msikariri bila kuelewa, kwa sababu biokemia ya mwaka wa pili inakuja kudai deni.

Somo ambalo wengi hulichukia ndilo nitakalolitetea: takwimu. Mtu anasema, mimi nimekuja kusoma viumbe hai, hizi hesabu za nini? Nipeni dakika mbili. Kuna kipimo kizuri: kinawakamata wagonjwa 95 kati ya kila 100, na wazima 95 kati ya kila 100 kinawaambia kwa haki kwamba hawana kitu. Kipelekeni kwenye jamii ya watu 10,000 ambako ugonjwa umempata mtu mmoja katika kila 100. Wagonjwa ni 100, na kipimo kitawanasa 95. Wazima ni 9,900, na kipimo kitawasingizia asilimia 5 yao, yaani watu 495. Jumla ya walioambiwa wanao ugonjwa ni 590. Wagonjwa wa kweli ndani yao ni 95. Hiyo ni kama asilimia 16! Watano kati ya kila sita mliowatisha, mkawapa dawa, pengine mkawatenga na familia zao, walikuwa wazima. Kihamisheni kipimo hichohicho, bila kukibadilisha hata kidogo, mpaka kliniki ambako nusu ya wanaofika wanaumwa kweli, na jibu lake la "anao" litakuwa sahihi mara 95 kati ya 100.

Nimekaa kwenye vikao ambako vipimo viliagizwa kwa wingi na hesabu hii haikuwa imefanywa na mtu yeyote mezani. Haihitaji kompyuta. Mnaweza kuifanya nyuma ya bahasha. Kwa hiyo mhadhiri wa takwimu akiingia, kaeni viti vya mbele, na mkifika kwenye programu za kuchambua data msisubiri kulazimishwa. Mwanabiolojia anayeweza kusafisha jedwali chafu la data na kueleza kilichomo hupata kazi haraka kuliko mwenzake mwenye alama nzuri zaidi asiyeweza.

Maabara. Majaribio yenu yatashindwa, na yatashindwa kwa wingi. Mtaendesha PCR, yaani kunakili kipande cha DNA mara nyingi mpaka kionekane, asubuhi nzima, mtamimina jeli, mtawasha taa, na hakutakuwa na mstari wowote. Au kibaya zaidi, kutakuwa na mistari kila mahali, hadi kwenye mrija ule mliotia maji matupu. Mrija huo wa maji ndio ninaotaka muuheshimu. Tunaweka maji humo ili tujue kama DNA imevuja kutoka pengine, kwenye pipeti, kwenye meza, kwenye glavu. Ukionyesha mstari, majibu yote ya siku hiyo ni ya kutupwa, hata yale yaliyokupendeza. Hasa yale yaliyokupendeza. Mtakutana na kishawishi cha kusema ah, ni mstari hafifu tu. Watu wazima wenye vyeo hukutana nacho pia.

Daftari la maabara liandikwe kwa wino, siku hiyohiyo, pamoja na makosa. Kosa likikatwa, likatwe kwa mstari mmoja ili bado lisomeke. Msiandike kwenye karatasi za pembeni kwa ahadi ya kunakili jioni. Jioni hiyo haifiki. Na namba ya toleo la kemikali mliyotumia iandikwe, maana siku chupa moja ikiwa mbovu ndipo mtakapojua ni majaribio yapi imeyaharibu.

Kusoma makala za utafiti ni kazi nyingine inayotisha mwanzoni. Mwanafunzi anaanza na muhtasari, anasoma utangulizi, anachoka, anarukia hitimisho. Mimi nawashauri muanze na michoro na majedwali. Tazameni kilichopimwa, kwa watu wangapi, kikilinganishwa na nini. Jiulizeni ninyi wenyewe matokeo hayo yanasema nini, ndipo msome waandishi wanasema yanasema nini. Mara nyingi mtakuta pengo kati ya hayo mawili. Kikundi cha watu wanne au watano kinachokutana kila wiki kuvunjavunja makala moja kitawafundisha zaidi ya mihadhara mingi, na hakihitaji ruhusa ya mtu.

Kuhusu kazi za vikundi zinazotolewa na wahadhiri, najua: mmoja anafanya, wawili wanatazama, wa nne anaonekana siku ya kuwasilisha amevaa vizuri. Ni dhuluma, na itawafuata hadi kazini. Gawaneni kazi kwa maandishi siku ya kwanza.

Msimamizi wa utafiti wa mwaka wa mwisho mchagueni kwa uangalifu kuliko mnavyochagua mada. Mada inaweza kubadilika. Waulizeni wanafunzi wake wa sasa, akiwa hayupo: anajibu barua pepe? Anasoma rasimu? Wanafunzi wake wanapewa nafasi kwenye orodha ya waandishi wanapostahili? Profesa mashuhuri anayeonekana mara mbili kwa mwaka ana manufaa yake, lakini si kwa mtu anayeandika tasnifu kwa mara ya kwanza. Na kama utafiti unahusisha watu, kibali cha kamati ya maadili huchukua wiki nyingi, mara nyingine miezi. Anayeanza kukiomba muhula wa mwisho atahitimu na wadogo zake.

Hapo kwenye watu nataka kusimama tena.

Sampuli mtakazoshika zina wenyewe. Mwaka 1951 Henrietta Lacks, mwanamke Mmarekani mweusi aliyekuwa akitibiwa saratani, alichukuliwa seli zake bila kuombwa ridhaa. Seli zile zilikuwa za kwanza za binadamu kuendelea kuzaliana maabarani bila kukoma. Kwa jina la HeLa zikaenea maabara za dunia nzima, zikatumika katika kazi ya chanjo ya polio na mengine mengi. Yeye alifariki mwaka huohuo, na familia yake ilikaa miongo bila kujua. Huenda mkazitumia humu chuoni. Mkizitumia, mjue ni za nani.

Fani yetu ina historia ya ndege zinazotua, kuchukua damu, na kuondoka. Miaka miwili baadaye inatoka makala, na waliochomwa sindano hawajawahi kuambiwa kilichoonekana, wala mtaalamu wa eneo lile aliyekusanya sampuli hatajwi. Mambo yamesogea. Azimio la Helsinki, tangu 1964, limekuwa likiweka misingi ya utafiti kwa binadamu. Kwa mimea, wadudu na vijidudu kuna Itifaki ya Nagoya ya mwaka 2010, iliyoanza kutumika 2014, inayotaka nchi ambako kiumbe kimetoka ikubaliane na wanaokichukua na ipate sehemu ya manufaa. Lakini karatasi hazijilindi zenyewe. Mtakapokuwa kwenye mradi, iwe ni ninyi mnaokwenda kwa watu au watu wanaokuja kwenu, ulizeni mapema: sampuli zitahifadhiwa wapi, nani ana haki ya kuzitumia mara ya pili, matokeo yatarudishwa vipi kwa waliotoa damu. Mkionekana wasumbufu, sawa.

Niingie kwenye kazi, maana naona wazazi wameanza kutazama saa.

Njia inayojulikana ni utafiti: shahada ya kwanza, uzamili, uzamivu, kisha miaka ya mikataba mifupi kabla ya nafasi ya kudumu, ikipatikana. Ni njia nzuri kwa anayependa swali moja kiasi cha kulala nalo. Si njia ya pekee, na wanaoianza ni wengi kuliko nafasi zilizoko mwishoni. Sitasema zaidi, wahadhiri wenu wameipita na watawaeleza vizuri kuliko mimi.

Kuna maabara za afya ya umma na ufuatiliaji wa magonjwa. Huko ndiko mabadiliko ya haraka yalikotokea. Mwaka 2015, wakati wa mlipuko wa Ebola Afrika Magharibi, timu ilipeleka Guinea vifaa vya kusoma vinasaba vya virusi vikiwa vimepakiwa kwenye mizigo ya kawaida ya ndege. Mashine yenyewe ilikaa kiganjani. Majibu yalipatikana ndani ya saa 24 tangu sampuli kufika, na kwa majibu hayo iliwezekana kujua mgonjwa mpya ameambukizwa kupitia mnyororo upi. Zamani sampuli ingesafiri nje ikakaa miezi. Leo mwenye kuweza kuendesha kifaa kile, na kuchambua kinachotoka, anatafutwa. Ugumu wa kazi hiyo uko kwenye uchambuzi, kwa hiyo msikimbilie mashine mkaacha kompyuta.

Kuna wadudu. Wachache huwataka, na ndiyo maana nafasi zipo. Yogyakarta, Indonesia, mbu aina ya Aedes walipandikizwa bakteria wa Wolbachia wanaozuia virusi vya dengue kustawi ndani ya mbu, wakaachiwa mitaani. Matokeo yaliyochapishwa 2021 yalionyesha dengue imepungua kwa asilimia 77 kwenye maeneo hayo ukilinganisha na yale yasiyopelekewa. Nyuma ya namba hiyo kuna watu waliofuga mbu, wakahesabu mayai, wakagonga milango ya nyumba kuomba ruhusa ya wenyeji. Ukipenda kutoka nje na hupendi koti jeupe, fikiria huko.

Kuna kazi ambayo sijawahi kusikia mwanafunzi wa mwaka wa kwanza akiitaja, na ndiyo ninayoiona ina uhitaji mkubwa kuliko zote: udhibiti wa dawa, vipimo na chanjo. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati, bidhaa moja kati ya kila 10 za tiba ni bandia au iko chini ya kiwango. Oktoba 2022 shirika hilo lilitoa tahadhari kuhusu dawa nne za kikohozi za watoto zilizopatikana Gambia. Zilikuwa na daiethilini glaikoli na ethilini glaikoli, vitu vinavyoua figo. Watoto wapatao 70 walikufa. Kugundua sumu hizo si sayansi ya ajabu. Mbinu zipo, mtaziona kwenye maabara ya kemia. Kinachokosekana ni mtu aliyekaa mahali panapofaa, mwenye mamlaka ya kuzuia shehena isitoke bandarini, na mwenye uti wa mgongo wa kusema hapana kwa tajiri. Kazi ya mdhibiti haina picha za kuvutia. Siku nzima unasoma majalada ya kurasa mia kadhaa, unatafuta kilichofichwa kwenye jedwali la 14. Ukiifanya vizuri, hakuna tukio la kutangaza.

Nyingine nazipita haraka. Majaribio ya tiba yanahitaji waratibu wanaoelewa biolojia na wasiochezea takwimu. Usalama wa kibiolojia una kazi yake: maabara zimepangwa kwa ngazi nne, na kila ngazi inahitaji mtu wa kusema mlango huu haufunguliwi leo. Usugu wa dawa kwa bakteria, unaokadiriwa kuwa chanzo cha moja kwa moja cha vifo milioni 1.27 mwaka 2019, umefungua nafasi kwenye mahospitali, kwenye mifugo na hata kwenye maji taka. Uandishi wa sayansi unalipa kuliko watu wanavyodhani, ikiwa unaandika vizuri. Ualimu wa sekondari nautaja bila kuona haya. Na wako watakaokwenda kusoma udaktari baada ya hapa, wakiwa wamejua wanachokwenda kufuata.

Pesa za fani hii zinatoka wapi? Hili lazima mlijue kabla hamjasaini mkataba wowote. Sehemu kubwa ya ajira za afya ya dunia hufungwa kwenye miradi, na miradi hufungwa kwa wafadhili. Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na kufikia Julai mwaka huohuo shirika lake la misaada, USAID, lilikuwa limeacha kuendesha miradi. Watu hodari, wenye miaka mingi kazini, walipoteza ajira ndani ya wiki, na si kwa kosa lao. Wapo waliosambaratika na wapo waliopata pa kushika upesi. Niliowaona wakipata pa kushika upesi walikuwa na ujuzi unaohitajika nje ya mradi: anaweza kuchambua data za benki kama anavyochambua za malaria, anajua viwango vya ubora wa maabara na hospitali binafsi inamtaka, anaweza kuandika maombi ya fedha. Aliyekuwa na cheo kirefu cha "mratibu wa" kitu fulani, bila kazi ya mkono aliyoiweza, alipata taabu zaidi. Kwa hiyo kila mwaka mnaokaa hapa, tokeni na jambo moja mnaloweza kulifanya wenyewe tangu mwanzo hadi mwisho bila kushikwa mkono.

Mafunzo ya vitendo wakati wa likizo yatafuteni tangu mwaka wa pili. Barua iwe fupi, itaje kazi gani ya maabara ile umeisoma, na useme unaweza kufanya nini. Barua zinazoanza kwa "tangu utotoni nimekuwa na ndoto" tunazipata nyingi. Kama nafasi hailipi na inakutaka kutwa nzima kwa miezi, uliza wazi kama kuna posho au nauli. Kazi ya bure inawachuja wenye uwezo wa nyumbani na kuwaacha wengine nje, na wakubwa walioko hapa leo wanalijua hilo. Nimelisema mbele yao ili lisiwe siri.

Mmeniandikia maswali kwenye karatasi, nitajibu matatu kisha nikae.

La kwanza: "Je, uzamili niuanze mara tu nikihitimu?" Kama unajua swali unalotaka kulitafiti, na kuna ufadhili, nenda. Kama unakwenda kwa sababu ajira haijapatikana na kukaa nyumbani ni aibu, fanya kazi kwanza, hata iwe ndogo. Mwaka mmoja wa kupokea sampuli kwenye kaunta ya maabara utakuonyesha wapi mfumo unavuja, na mada ya uzamili itatoka humo. Waliofika uzamili kwa njia hiyo huuliza maswali tofauti darasani. Wahadhiri wanawatambua wiki ya kwanza.

La pili: "Ninaogopa damu." Wengi wanaogopa, na wengi huzoea. Asiyezoea ana data, ana wadudu, ana udhibiti, ana vinasaba vinavyofika vikiwa tayari ni herufi nne, A, C, G na T, kwenye skrini. Ila ukizimia maabarani, sema ukweli kwamba ulizimia kwa damu, usiseme hukula. Tunahitaji kujua ili siku nyingine usisimame karibu na moto.

La tatu, limeandikwa kwa penseli na halina jina: "Nikigundua majibu ya mkubwa wangu si ya kweli, nifanyeje?" Kwanza hakikisha wewe mwenyewe hujakosea: rudia jaribio, tazama mrija wako wa maji, mwombe mwenzako arudie bila kumwambia unachotarajia. Kisha mwendee mkubwa huyo faraghani na umuulize kama anayetaka kuelewa, maana mara nyingi kuna maelezo. Asipokuwa nayo, andika tarehe na ulichoona, tunza nakala mahali pako, umwone mtu wa ofisi ya maadili ya utafiti au mhadhiri wa idara nyingine unayemwamini. Usiende peke yako kama unaweza kupata mwenzako aliyeona ulichoona. Inaweza kukugharimu barua ya mapendekezo, sikufichi. Aliyeandika swali hili, kama jambo lenyewe limeshatokea, nitakuwa chumba cha wageni cha idara mpaka saa kumi na moja jioni, na ukiingia tutafunga mlango ili nikusikie mimi peke yangu.

Ahsanteni kwa kunisikiliza.